Ngazi Zisizo na Mlango

Mtu aliyetuachia methali ya "Geuza uso, usivunje msingi" hakuwa na shamba. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo alipoadhini herufi zilimponyoka kama kumbikumbi. Hakujua kusoma wala kuandika, hakuwa na cheo hata cha kugawa maji kambini, mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na juu ya yote hayo hakuwa na msikiti wa kusalia. Jina lake lilikuwa Mbaruku Semhando, Mzigua, mkata mkonge. Alichokuwa nacho ni neno lake. Akikwambia atakuja alfajiri, ulifungua mlango ukamkuta amechutama nje, anakungoja wewe.

Nimeanza na mtu huyo kwa sababu ninyi vijana mmekuja kwangu mmenuna. Mlitaka kung'oa zile ngazi tatu za mawe zilizo nyuma ya msikiti wetu wa Kwemkole, zile zinazopanda kisha zikaishia ukutani, ili mpate mahali pa kuweka matangi ya maji ya udhu. Mwenyekiti wa kamati akawakataza kwa maneno manne tu, akaenda zake. Mwantumu ameniuliza, "Babu, kwani ngazi hizo zinakwenda wapi?" Na Idrisa amejibu kabla yangu kwamba zilijengwa na fundi mlevi.

Kaeni. Fundi hakuwa mlevi. Maneno yale manne yana siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo mimi nilikuwepo, mtu mzima mwenye kazi yake na kalamu yake mfukoni.

Zamani hizo Kwemkole ilikuwa kambi ya shamba la mkonge. Watu walitoka kila upande wa nchi kuja kukata: Wanyamwezi, Wabena, Wayao, Wamakonde, na sisi Wazigua tuliokuwa wenyeji. Wakristo wa kambi walikuwa na kanisa. Walilijenga wenyewe kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na ujira. Wanaume walifyatua tofali mbichi za udongo, na wanawake wakabeba mawe ya msingi kutoka mtoni, kila mmoja na ngata yake kichwani. Lilikuwa kanisa refu na jembamba. Mlango mkubwa ulikuwa magharibi, altare mashariki, na katikati ya ukuta wa kaskazini palikuwa na mlango mdogo wa kupitia wanakwaya. Mlango huo ulikuwa na ngazi tatu.

Naona Mwantumu ameanza kutabasamu. Ngoja kwanza, binti.

Sisi Waislamu hatukuwa na kitu. Tulisali chini ya upenu wa ghala la marobota ya mkonge, na vumbi la singa, zile nyuzi zake, lilitujaa puani hata mtu akapiga chafya akiwa katika sijida. Ijumaa tulikwenda kwa miguu mpaka mjini. Tulifika tumechelewa na tumechoka, utomvu wa mkonge umetukauka mikononi, na watu wa mjini walikuwa wamekwisha jaza msikiti. Basi mahali petu palikuwa nyuma kabisa, penye viatu. Hakuna aliyetufukuza, nasema kweli. Lakini mtu akisali miaka yote akitazama visigino vya wenzake, hujiona kama mgeni hata mbele ya Mola wake.

Kisha wenye shamba wakajenga kambi mpya ng'ambo ya mto, na Wakristo wengi wakahamishiwa huko. Wakajenga kanisa jipya la matofali ya kuchoma, kubwa kuliko la kwanza. Mabati ya kanisa la zamani wakayavusha. Masika mbili zikapita juu ya zile kuta za udongo, kuta zikayeyuka kama sukari. Ukabaki msingi peke yake juu ya nyasi, na zile ngazi tatu ubavuni, na mbuzi wakiota jua juu yake.

Sasa lazima niwaeleze habari za Mathayo Kapela. Alikuwa mzee wa kanisa, Mnyamwezi mrefu mwenye mikono kama makasia, na alikuwa mtani wa Mbaruku. Ninyi wa leo mnadhani utani ni kuchekeshana. Utani wa Mzigua na Mnyamwezi ulikuwa kazi. Mama yake Mbaruku alipofariki, Kapela aliruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa bibi huyo aliwahi kumnyima uji. Watu waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yakitiririka. Mbaruku alimletea jogoo. Kapela akatoka, akajipangusa udongo, akashika jembe, akafukia kaburi mpaka mwisho bila kupokezana na mtu.

Kwa mtani huyo ndiko Mbaruku alikokwenda.

"Mnyamwezi," alisema, "pale kanisani kwenu pa zamani mmeweka mbuzi."

"Mbuzi wale wamebatizwa. Usiwaguse."

"Nataka mtupe mahali pale tujenge msikiti."

"Mzigua, wewe umenizoea. Jogoo nilimla zamani, sasa wataka nikurudishie na kanisa?"

"Nakuomba kweli, mtani wangu. Leo sina utani."

Kapela alipoona hivyo naye akaacha utani. Akasema ataliuliza baraza la wazee.

Baraza halikuwa jepesi. Meneja wa shamba hakujali nani akae pale, lakini wazee wa kanisa walijali. Mmoja wao akasema mahali pasipotumika ni mahali pa Mungu bado. Mwingine akasema, "Tukiwapa, kesho tutaona mawe yetu yamefukiwa barabarani kwenye mashimo ya malori. Wake zetu waliyabeba kwa vichwa." Hapo kila mtu alimtazama Kapela, kwa sababu walijua anamsema nani. Jiwe kubwa la pembe ya kaskazini-mashariki lililetwa na Yustina, mke wa Kapela. Alilibeba peke yake kutoka mtoni akiwa mjamzito, na huku anaimba. Yustina alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Wanawake wa kambi, Wakristo na Waislamu, walikuwa bado wakiliita jiwe la Yustina, na wakielekezana njia walisema, "Ukifika jiwe la Yustina, kata kushoto."

Wakamwita Mbaruku wakamuuliza, "Unatuahidi nini?"

Akajibu, "Mawe yenu hayatatoka ardhini."

"Una shahidi?"

Kapela akasimama. "Shahidi ni mimi. Akivunja neno lake, mniulize mimi."

Basi tukapewa mahali. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofyeka zile nyasi, na nawaambieni, tulifyeka kwa furaha hata mtu akijikata hakusikia. Walituletea togwa kutoka ng'ambo ya mto. Wakristo walisimama wakituonyesha: hapa palikuwa na kengele, hapa alikaa fulani akisinzia kila Jumapili. Tukawashukuru, wakatushukuru, nyasi zikaisha.

Tukataka kufanya mambo kwa elimu. Tukamwomba Maalim Shekue wa mjini aje atuonyeshe kibla sawasawa. Maalim alikuwa mtu wa haki, mwenye chuo chake na wanafunzi wengi. Alikuja asubuhi moja na lori la mkonge. Akazunguka msingi, akatazama jua, akatoa dira mfukoni. Akasema, "Msingi umelala kwenda mashariki. Kibla chenu ni kaskazini." Kabla hatujamuuliza zaidi, dereva alipiga honi, maana lori lilikuwa limekwisha pakiwa. Maalim akakimbia ameshika kanzu yake. Alipokwisha panda juu ya marobota akageuka, akatupungia mkono, akapaza sauti:

"Geuzeni!"

Lori likaondoka.

Neno moja hilo lilitaka kutupotezea msikiti.

Kambini palikuwa na nyapara aliyeitwa Ausi Chiwaya, Myao, mcha Mungu na mpenda kazi. Nyapara ni mtu aliyezoea kupokea amri na kuitekeleza kabla haijapoa. Jioni ile ile akasema, "Mmesikia. Maalim kasema geuzeni. Kesho tunang'oa mawe, tunachimba msingi mpya kuelekea kaskazini."

Mbaruku akasema, "Mimi nimeahidi mawe hayatatoka."

"Uliahidi kabla hatujajua. Sasa tumejua."

"Neno halina kabla na baada, nyapara."

"Ndugu yangu Mbaruku," Chiwaya alisema, wala hakusema kwa ubaya, "wewe uliahidi watu. Maalim amesema habari ya dini. Unataka tusali kuuelekea uso wako?"

Mbaruku hakuwa amesoma. Alijua neno lake na alijua kwamba sala lazima ielekee kibla, na mambo hayo mawili yalikuwa yamegongana kifuani mwake. Akasema tu, "Nipeni muda niwaze." Watu wakatawanyika. Chiwaya yeye alidhani shauri limekwisha.

Kesho yake, Alhamisi, Mbaruku alikwenda kukata kipande chake, kazi aliyopimiwa ya siku, maana mkata mkonge asiyemaliza kipande hahesabiwi kuwa alikuja kazini. Alipokuwa huko, Chiwaya na vijana wenye nguvu wakaanza kuchimba. Wakaanzia pembeni, kama afanyavyo fundi yeyote. Na pembe waliyoanzia ilikuwa ya kaskazini-mashariki.

"Jiwe la Yustina," Idrisa amesema sasa hivi, na uso wake si tena ule uliosema habari za fundi mlevi.

Ndilo. Walilitoa kwa mitaimbo, wakalivingirisha mpaka kando ya barabara. Na Kapela siku hiyo alikuwa amevuka mto kuja kutuletea kamba za kufungia majukwaa. Alikuwa na furushi zima begani.

Aliliona jiwe. Akatua kamba. Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa juu ya jiwe lile, mikono juu ya magoti, akatazama chini. Mmoja wa wachimbaji akajaribu kumtania, "Mnyamwezi, umechoka hata kabla ya kazi?" Kapela hakumjibu. Hapo ndipo tulipoogopa. Ng'ombe akinyamaza huenda ameshiba, lakini mtani akinyamaza kuna msiba.

Mtu akakimbia kumwita Mbaruku. Akaja na panga lake begani, utomvu unamchuruzika viganjani. Alipoona jiwe na aliyekaa juu yake, aliweka panga chini taratibu kama mtu aliyeingia nyumba yenye mgonjwa.

"Mathayo," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake.

"Jumapili baada ya ibada tuna kikao," Kapela alisema akiendelea kutazama chini. "Habari zimekwisha vuka mto kabla sijarudi. Watapachukua tena mahali pao, na mimi nitasimama nijibu, maana nilisema mniulize mimi. Nijibu nini?"

"Sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Nijibu kwamba hukuwepo?"

Chiwaya akasogea. "Mzee Kapela, tusameheane. Si kwamba tunadharau. Nyumba hii imeelekea mashariki. Sisi twaelekea kaskazini. Maalim ametuambia tugeuze."

Kapela akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, lakini ulimi wa Mnyamwezi haufi hata mwenyewe akifa. Akasema:

"Kumbe ndivyo mlivyo. Kwetu Unyamwezini mtu akiona amelala kichwa upande mbaya, anageuka, anaweka kichwa kwenye miguu na miguu kwenye kichwa. Ninyi huku mkilala vibaya mnabomoa nyumba! Ndiyo maana Wazigua hamna majumba ya zamani."

Vijana wawili wakacheka kwa kuibia. Mbaruku hakucheka. Alisimama kama aliyeguswa na upepo.

"Rudia," alisema.

"Nirudie matusi?"

"Rudia, Mnyamwezi. Anageuka nani?"

"Aliyelala ndiye anayegeuka! Nyumba igeukeje?"

Mbaruku akamgeukia Chiwaya. "Nyapara, Maalim alisema geuzeni. Alisema geuzeni nini?"

Chiwaya akatazama wenzake. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Mimi pia nilikuwepo siku ya lori, na mimi nilijihesabu kuwa mtu wa masomo, na sikuwa nimejiuliza swali hilo. Sote tulisikia neno moja, tukalimalizia wenyewe kwa mitaimbo.

"Hakusema," Chiwaya alikiri.

"Basi nakwenda kumuuliza. Mpaka nirudi, asiguse mtu jiwe jingine." Akachukua panga lake, panga la kazi, lililokuwa mkate wake wa kila siku, akaliweka juu ya jiwe la Yustina, pembeni mwa Kapela. "Hii ni rehani. Mtani wangu, lilinde. Usiliuze, najua tabia zenu."

Kapela kwa mara ya kwanza siku ile akasogeza mdomo kidogo. "Litapata bei gani, limekaa kama meno yako?"

Mbaruku akaondoka vile vile alivyokuwa, na nguo za kazi. Nimewaambia hakuwa na baiskeli. Aliingia mjini wakati wa magharibi, akamkuta Maalim Shekue chuoni. Yaliyosemwa huko alitusimulia Maalim mwenyewe, kwa sababu Jumamosi asubuhi wote wawili waliteremka kwenye lori hapa Kwemkole, na safari hii Maalim alimwambia dereva aende asimngoje.

Watu walikusanyika, na Kapela akavuka akaja. Maalim akaenda pale penye shimo la pembeni, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Ndugu zangu," alisema, "kosa la kwanza ni langu. Niliwapa neno moja nikapanda gari. Mwalimu hafundishi huku anakimbia. Nilisema geuzeni, na nilikusudia safu. Kwani ni nani kawaambia ukuta unasali? Ukuta hauna sijida. Anayeelekea kibla ni mtu. Geuzeni nyuso, geuzeni safu zenu. Msingi uacheni ulipo, masikini, umewakosea nini?"

Chiwaya akauliza, maana alikuwa mtu wa kutaka uhakika, "Haitakuwa makosa, Maalim, kusimama kwa mapana?"

"Simameni niwaonyeshe."

Tukavua viatu. Maalim akasimama ndani ya msingi, katikati ya upande wa kaskazini, mbele ya pengo la mlango wa wanakwaya. Akatuambia tujipange nyuma yake bega kwa bega, tuelekee kaskazini. Tukaanza kujipanga. Mtu akaingia, na mwingine akaingia, safu ikaenda kulia na kushoto, ikaenda, bado kuna nafasi. Mmoja wetu alisimama palipokuwa altare na mwingine akasimama penye mlango mkubwa, na kati yao kambi nzima ilikuwa imeingia, wakata mkonge, wapanga singa, wapishi, makuli, hata yule mzee kiwete aliyekuwa akisali nje kwa kuona haya. Tukageuka kutafuta safu ya pili. Haikuwepo. Sote tulikuwa safu ya kwanza.

Vijana, mnajua fadhila za safu ya kwanza. Mmefundishwa chuoni mkiwa wadogo. Tuliokuwa watu wa penye viatu tulisimama pale chini ya jua, na hakuna aliyekuwa na kisigino cha mtu mbele yake. Kanisa lile lingekuwa pana na fupi, lisingetupa safu hiyo. Urefu wao ndio uliokuwa upana wetu. Nilimsikia Mbaruku ubavuni mwangu akisema "Alhamdulillahi" kwa yale meno yake, ikatoka na upepo, na sijapata kusikia iliyosemwa vizuri zaidi.

Kapela alikuwa amekaa juu ya ngazi za wanakwaya akitutazama kwa mbele. Akapaza sauti, "Wazigua leo wote mbele! Nani atabeba viatu?"

Maalim mwenyewe alicheka. Kisha akageuka, akaangalia pengo lile la mlango. "Katikati hasa," alisema. "Hapa mtaziba, mtafanya mihrabu. Imamu atasimama mlangoni mwa waimbaji." Akamtazama Kapela. "Na hizo ngazi ulizokalia, mzee wangu, zitakuwa hazina kazi tena."

Kapela akashika jiwe la ngazi kwa kiganja. Yustina alikuwa mwanakwaya.

Mbaruku akasema, "Ngazi ni msingi pia, Maalim. Nilisema mawe yao hayatatoka. Zitakaa."

"Zitaenda wapi, Mbaruku? Mbele yake ni ukuta."

"Wacha ziende ukutani. Aliyezipanda akiimba tayari amefika."

Basi Mwantumu, ndiko zinakokwenda. Haya, futa macho, bado sijamaliza.

Kabla ya yote jiwe lilipaswa kurudi. Chiwaya alikataza mtu mwingine asilishike. Akalipigia goti, akalikumbatia, akajaribu kuliinua. Mishipa ikamtoka shingoni, jiwe halikuondoka. Akaja Mbaruku, wakawa wawili, wakalinyanyua kidogo likawashinda. Akaja Kapela, watatu, wakaenda nalo wakiyumba kama walevi, wakiguna kila hatua.

"Alilibeba peke yake?" Chiwaya aliuliza akihema.

"Peke yake, na mimba, na wimbo wa sauti ya kwanza," Kapela alisema. "Ninyi wanaume wa nini?"

Wakalishusha mahali pake. Lilikaa kama jino lililorudi kwenye ufizi. Chiwaya akafukia kwa mikono, akashindilia kwa miguu, kisha akasimama mbele ya Kapela, nyapara mzima, akainamisha kichwa. Kapela akamnyooshea kiganja chenye udongo, wakapeana mkono hivyo hivyo na matope yao.

Likabaki jambo la Jumapili. Kikao kilikuwa kesho yake, na wazee wa ng'ambo hawakuwa wameona tuliyoyaona. Kapela akasema, "Nitawaeleza mimi. Lakini wataniambia mimi ni mtani wenu, nawatetea. Andikeni barua isomwe."

Hapo ndipo macho yote yaliponigeukia. Kambini walikuwepo wenye vyeo na wenye nguvu, lakini mimi nilikuwa nimehudhuria kisomo cha watu wazima kila jioni baada ya kazi, nikafaulu hatua ya nne, na mwandiko wangu ulisomeka hata na karani wa ofisi. Nilikaa juu ya ngazi ya chini, nikaweka ubao wa kufyatulia tofali magotini, nikatoa kalamu. Nikaanza kwa madaha: "Kwa taadhima na unyenyekevu usio na kifani, tunapenda kuchukua fursa hii adhimu..."

"Unasema nini?" Mbaruku aliniuliza.

Nikamsomea.

"Toa hayo. Wale ni wakata mkonge kama sisi. Waandikie kama tunavyoongea."

Nilikuwa mkaidi siku hizo, nilijifunza maneno yale kwa taabu. Lakini nikayafuta, na tangu siku ile sijayarudia. Mbaruku akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema barua naye hajui herufi hata moja, nami nikaandika:

"Kwa wazee wa kanisa, Kwemkole ng'ambo. Salamu. Sisi huku ni wazima, twawaombea nanyi uzima. Siku ya Alhamisi jiwe la Yustina lilitoka ardhini. Lilitoka kwa sababu hatukuuliza vizuri. Leo limerudi, na waliolirudisha wamejua uzito wake. Mathayo Kapela alikuwa shahidi wangu, naye hakusema uongo, basi msimuulize yeye, niulizeni mimi. Tumesimama katika nyumba yenu ya zamani na safu yetu imetosha watu wote. Wake zenu walitujengea kabla hatujaomba. Twawashukuru walio hai, na waliotangulia twawaombea. Ngazi za waimbaji zitabaki. Mtoto atakayeuliza zinakwenda wapi, tutamwambia."

Nikadhani amemaliza, nikataka kuweka jina lake. Akasema, "Bado. Andika na hili: Tumegeuza uso, hatukuvunja msingi."

Nikaandika. Akachovya kidole gumba katika wino, akakibandika chini. Chiwaya naye, aliyejua kuandika, akaacha kalamu, akabandika gumba lake kando ya gumba la Mbaruku.

Bahasha tulikuwa nayo, ila gundi yake ilikuwa imekufa kwa unyevu. Mama mmoja akaleta uji mzito wa unga wa muhogo katika kifuu. Mbaruku akaupaka kwa kidole ukingoni, akakunja, akabonyeza bahasha juu ya goti lake mpaka ikashika kabisa. Akampa Kapela kwa mikono miwili.

"Usiifungue njiani, Mnyamwezi."

"Nimeisikia yote, nifungue ya nini? Nile uji?"

Kapela akamrudishia panga lake, akaiweka barua ndani ya kofia, akavaa kofia, akashuka kuelekea mtoni. Tulisimama tukimtazama. Alipofika katikati ya daraja la magogo aligeuka, akashika kofia asije akaidondosha, akapaza sauti iliyosikika mpaka ghalani:

"Mzigua! Ukilala vibaya tena ukumbuke! Geuza uso, usivunje msingi!"

Kisha akavuka.